Marahaba ya Mwana Sitiri

Tulieni, niwape yangu. Maadui waliuzingira mji, kaka zake Mwana Sitiri wakakimbia, akabaki yeye, binti wa marehemu mfalme. Akamwendea zimwi wa kisimani.

"Nitakujengea ukuta, utawale," zimwi akasema. "Lakini wote, hata waliokuzidi umri, watakuamkia wewe. Ukiacha kumwitikia hata mmoja tu, ukuta utaanguka."

Akakubali, ukuta ukasimama, maadui wakarudi walikotoka. Mwalimu wake akamwinamia, akamwita kwa cheo cha mtawala: "Shikamoo, Mwenyi." Akaitikia, "Marahaba." Mjomba wake akamwinamia, akaitikia. Akaja mama mzazi, akapiga magoti: "Shikamoo, Mwenyi."

"Mama, ni mimi!"

Ukuta ukaanza kupasuka. "Marahaba," akasema, machozi yakimtoka.

Akatawala. Kila alfajiri alidamka amtangulie mama kumwamkia; kila alfajiri alimkuta mlangoni, amekwisha piga magoti. Mpaka siku moja akamwahi kitandani.

"Shikamoo, mama."

Akamshika mkono. Mkono wa mama ulikuwa wa baridi.

Hadithi imekwisha. Mwenye mama akamwamkie.