Mteremko wa Haki wa Sultani Haidari

Hapo zamani, wakati wafalme walipokuwa na akili nyingi kuliko kazi za kuzitumia, alikuwako sultani mmoja katika mji wa Mwinamo, jina lake Haidari. Sultani huyu alichoshwa mno na wanyonge. Kila asubuhi walimjia na mashitaka yao, huyu kaporwa mbuzi, yule kasogezewa mpaka wa shamba, na kila mmoja alikuja na maneno mengi na harufu ya jasho. Basi akakaa akafikiri siku tatu, na siku ya nne akatoa hekima yake.

Akaamuru waashi wajenge mteremko mbele ya baraza yake iliyokuwa juu ya kilima, nao wakaujenga kwa chokaa safi, wakausugua kwa mawe laini hata ukang'aa. Kila siku ya hukumu ukamwagiwa mafuta ya nazi. Kisha mpiga mbiu akapita mitaani akitangaza kwamba mwenye mashitaka na aupande mteremko kwa miguu mitupu, bila fimbo wala kamba. Atakayefika juu ni mkweli, atapewa haki yake, na atakayeteleza ni mwongo, kwa kuwa kweli haitelezi. Ukiuliza, na matajiri je? Wao walipita ngazi ya nyuma. Si upendeleo, hasha! Ukweli wao ulijulikana tangu nyumbani kwao, basi ya nini kuwasumbua?

Ikawa mwaka wa kwanza walipanda watu mia mbili, na wote mia mbili wakawa waongo. Sultani alisikitika sana kuona jinsi mji wake ulivyojaa uongo, akamshukuru Mungu aliyempa mteremko wa kuufichua.

Katika waongo hao alikuwamo mjane mmoja, Mwanaheri. Marehemu mumewe alimwachia minazi kumi na miwili, na tajiri mmoja aitwaye Ghalibu, ambaye minazi yake ilijaa bonde zima, akaona kwamba bonde lake bado lina upweke. Akaung'oa ua wa mjane, akaweka wake. Mwanaheri akaenda kushitaki, akateleza hatua ya nne, akavunjika mkono. Akarudi nyumbani mkono umefungwa vibanzi, na jina la mwongo juu yake. Sheria ilimruhusu aliyeteleza apandiwe na ndugu yake mara moja tu. Na ndugu naye akiteleza, shamba limekwenda, na yeye mwenyewe hutiwa minyororo miezi sita.

Mwanaheri alikuwa na kaka mmoja, Pandu Makapi, mkwezi wa minazi ya watu, ambaye yeye mwenyewe hakuwa na hata mmoja. Aliitwa Makapi kwa sababu mpunga wa wenziwe ulipopepetwa, yeye aliambulia kile kilichopeperuka. Watu walimhesabu mpumbavu, maana alikuwa na tabia mbaya ya kujibu maswali kama yalivyoulizwa.

"Kaka, usiende," Mwanaheri akamwambia huku akilia. "Minazi imekwisha kwenda. Ukitiwa minyororo nawe, na mimi na mkono huu, nani atanichotea maji?"

"Dada yangu, miaka ishirini napanda vitu visivyotaka kupandwa," akasema Pandu. "Na hakuna mnazi ulioniuliza kwanza kama mimi ni mkweli."

Siku ya hukumu ilipofika, Pandu akapasua fenesi bichi, akajipaka nyayoni utomvu wake, ule ambao ukimganda mtu hata sabuni huomba radhi. Kisha akatembea taratibu mchangani, mpaka nyayo zake zikakwaruza kama mbuzi ya kukunia nazi. Akajitwika na gunia la makumbi ya nazi, akaenda zake.

Watu walikusanyika chini wamwone akianguka, kwa kuwa mji ule haukuwa na starehe nyingine. Pandu akaweka mguu wa kwanza, akaukandamiza, akaweka wa pili. Mchanga ukalia juu ya chokaa, krr, krr. Hatua ya nne ikapita, ya kumi ikapita, na Mwanaheri kule chini amefumba macho. Hata akafika juu, akautua mzigo, akapiga magoti mbele ya Sultani.

Barazani wakaduwaa kama watu walioona maiti akipiga chafya. Tajiri Ghalibu, aliyekuwa ameketi karibu na Sultani akila halua, akaruka. "Ewe Bwana wetu, huyu ana mchanga miguuni! Mchanga ndio uliopanda, si yeye!"

"Naam," akasema Sultani, aliyekwisha kuingiwa na wasiwasi. "Ewe mkwezi, mchanga ndio uliopanda. Nenda kaoshe miguu, urudi upande tena."

"Bwana wangu, Mungu akuzidishie," akasema Pandu kwa unyenyekevu. "Mimi ni mjinga, naomba unisaidie. Mchanga huu ni wa njia zako. Sina viatu, basi hunishika. Kumbe mteremko unawapenda wenye mchanga na kuwachukia wenye miguu safi? Mimi nilidhani unapima ukweli."

"Unapima ukweli!" akafoka Sultani.

"Wa watu tu, au hata wa vitu?"

"Wa kila kitu! Kweli haitelezi, iwe ya mtu au ya kitu."

"Na haujui mkubwa wala mdogo?"

"Haujui mkubwa wala mdogo. Waziri, andika!"

Waziri akaandika, ingawa kalamu ilisitasita, maana yeye ndiye aliyekuwa akinunua mafuta.

"Basi na tuujaribu mbele ya watu," akasema Pandu. "Mimi nitaweka gunia hili la makumbi, ambalo tangu lishonwe halijapata kusema neno moja la kweli. Nawe uweke kitu kilicho cha kweli kuliko vyote katika nchi. Gunia likiteleza na chako kikikaa, nitakwenda mwenyewe kwenye minyororo, na shamba la dada yangu alichukue Bwana Ghalibu."

Mtu mwenye busara angaliona kwamba hapo pana shimo. Lakini Sultani alikuwa ameyasema yale maneno ya mteremko mwaka mzima, na mtu akiurudia uongo wake mwaka mzima, mwisho huuamini kuliko wale aliowadanganya. Akanyoosha kidole. "Leteni kasha la muhuri wangu!"

Kasha lile lilikuwa la shaba, limesuguliwa likawa kama kioo. Waziri akamnong'oneza, "Bwana wangu, tafadhali, shaba na mafuta..."

"Nyamaza! Katika nchi hii hakuna kweli kuliko muhuri wangu."

Pandu akaliweka gunia pale pale alipopita, penye mchanga ulioachwa na nyayo zake. Gunia likakaa, limetulia kama mgeni aliyealikwa. Waziri akaliweka kasha pembeni, penye mafuta matupu, akasema bismillahi, akaliachia.

Kasha likaanza kwenda, polepole kwanza. Ilikuwa mila ya nchi ile kwamba muhuri wa Sultani ukigusa ardhi, mwenye nao hana enzi tena. Basi Sultani hakupata nafasi ya kufikiri, na pengine asingeitumia. Akaruka, akalidaka, akalikumbatia kifuani, na hapo viatu vyake vya ngozi laini vikakutana na mafuta ya nazi. Akateremka kwa makalio, joho limempanda kichwani, kilemba kinamfuata nyuma kwa nafasi yake. "Nishikeni!" akapiga kelele, na askari hawakumshika, kwa kuwa yeye mwenyewe alikataza kumshika mtu anayehukumiwa na mteremko.

Akafika chini, katikati ya waongo mia mbili. Kisha kule juu waziri akachovya kalamu, akauliza kwa adabu nyingi, "Bwana wangu, niandike nini?"

Sultani akatazama huku na huku. Akiandikwa mwongo, hukumu zake zote ni za mwongo. Na akikataa, basi mteremko ndio mwongo. Jasho likamtoka, nalo lilikuwa na harufu ile ile ya watu wengine.

Pandu akashuka taratibu, krr, krr, na gunia lake, akachuchumaa mbele yake. "Bwana wangu, wewe si mwongo," akasema kwa upole. "Kila kitu kizito huvutwa chini, sultani na mkwezi sawasawa. Kinachomzuia mtu ni kule kukwaruzana kwa mguu na sakafu, na mafuta yakiondoa kukwaruzana huko, hata kadhi hushuka kwa makalio. Huko si kusema uongo, ni mafuta. Lakini yakiwa mafuta kwako, ni mafuta na kwa dada yangu."

Sultani akageuka, akatazama juu barazani. "Waziri! Andika kwamba... ni mafuta."

"Kwa wote, Bwana wangu?"

"Kwa wote!"

Watu wakapiga vigelegele hata kilima kikavuma. Sultani, kwa kuwa nyonga zilimuuma na hakuweza kusimama, akaketi juu ya gunia la makumbi, akaamuru Ghalibu aletwe. Ghalibu akaelekea ngazi ya nyuma. "Pita mbele!" akanguruma Sultani. Ghalibu akapita mbele, na alipofika chini halua ilikuwa imemfika masikioni. Sultani akacheka mpaka akashika mbavu, maana aibu ikigawanywa hupungua uzito.

Kisha akauliza maswali aliyopaswa kuyauliza mwaka mzima uliopita: nani aliipanda minazi ile, na nani shahidi. Majirani sita wakasema ni mume wa Mwanaheri. Ghalibu hakuwa na shahidi ila halua. Basi shamba likarudishwa, na Ghalibu akaamriwa amlishe mjane mpaka mkono upone.

"Je, mama, umeridhika?" Sultani akamwuliza.

"Nimeridhika, Bwana wangu," akasema Mwanaheri. "Nawe uniwie radhi, sikukusalimu vizuri siku ile ya kwanza. Toka huku chini tulikuwa tukiona viatu vyako tu. Leo ndipo nauona uso wako."

Sultani hakucheka tena. Aliutazama mkono ule uliofungwa vibanzi. Kisha akaagiza aitwe mshitaki wa pili, na hakuondoka juu ya gunia mpaka jua lilipokuchwa.

Hekaya yangu imefika tambarare. Mwenye ya kwake na aanze kupanda.