Mwenye Shaka Ashushe Gobore

Hapo zamani, enzi za magobore, wakati mtu alishindilia baruti alfajiri akitumaini kitoweo jioni, palikuwa na pori lililoitwa Kwedihombo. Lilikuwa pori la ukoo wa Bi Mkiwa, mjane mwenye ulimi wa kukata na macho ya kuona mpaka ndani ya kapu la mtu. Wawindaji saba walimwomba waliwinde, naye akawaruhusu kwa sharti la siku zote: mnyama akianguka, paja la nyuma ni la mwenye pori.

Nimesema saba, lakini nitawataja watatu tu. Wale wanne walikula, wakalala, wakaitikia kila lililosemwa. Hawana kesi hapa.

Kundi lile lilikuwa na desturi mbili, zishikeni sasa msije mkaniuliza huko mbele. Ya kwanza, anayerudi mikono mitupu hupewa mbavu na wenzake, maana kesho naye atapata na atatoa. Lakini asiyeweza tena kuwinda hutoka kundini, na mbavu hazimfikii. Ya pili ni baragumu la pembe ya tandala, lililotunzwa nyumbani kwa Bi Mkiwa. Mshika baragumu habebi gobore. Hukaa kambini, hupuliza kufungua msimu, hupuliza kuwaita watu warudi, na katika kila mnyama anayeanguka ana fungu lake, mpaka siku anayozikwa. Mshika baragumu wa mwisho alikuwa ameshazikwa, na Bibi hakuwa na haraka ya kumtafuta mwingine.

Basi kiangazi kimoja Bi Mkiwa aliwaita wote uani kwake. Mbele yake palikuwa na paja la tandala juu ya jani la mgomba, nalo lilikuwa dogo kiasi cha kutia haya.

"Hili ni paja au ni mguu wa kuku?" akauliza. "Nani kaniletea?"

Akalisukuma jani mbele yao.

"Mnaua watoto, kisha mnaniletea mimi mifupa yao. Sasa nisikilizeni. Nawapa viangazi vitatu. Cha tatu kikiisha, nitakwenda mwenyewe kule kwenye magadi, wanyama wanakolamba chumvi. Nikimwona dume mwenye pembe za misokoto mitatu, pori ni lenu, nyinyi na wanenu. Nisipomwona, nawapa wachoma mkaa. Wao angalau hawanidanganyi."

Wawindaji wakaenda kushauriana. Wakabishana siku ya kwanza, wakabishana siku ya pili. Huyu alitaka wapumzike mwaka mzima, yule akauliza watoto wake wale nini mwaka mzima. Siku ya tatu Mhando akaja na gunia. Mhando alikuwa mtu wa maneno mengi na mpangilio mwingi, hata kuni zake alizipanga kwa urefu. Akalifungua gunia, akatoa pembe zote alizowahi kutundika ukutani kwake, akazilaza chini kwa mstari, za zamani upande huu, za mwaka ule upande ule. Za zamani zilikuwa na misokoto mitatu. Za katikati miwili. Za mwisho zilikuwa kama vijiti.

"Hatukosi bahati," alisema Mhando. "Tunawaua kabla hawajawa baba."

Hapo ndipo sheria ilipopatikana. Jike haguswi. Dume haguswi mpaka awe na misokoto miwili kamili. Atakayekosea alete pembe mwenyewe mbele ya wenzake, na gobore lake litundikwe kwa Bi Mkiwa misimu miwili.

"Na mtu akiwa na shaka?" sauti iliuliza kutoka nyuma.

Aliyeuliza alikuwa Sekibaha, na huyu ndiye tutakayekwenda naye. Dada yake alikuwa ameolewa na Mhando, kwa hiyo Mhando akamjibu kwa mzaha wa mashemeji.

"Shemeji, mwenye shaka ashushe gobore. Nayo iandikwe kichwani!"

Wote wakacheka, wakakubali. Sekibaha alicheka pia, lakini moyo wake haukucheka. Tangu masika yaliyopita macho yake yalikuwa yakififia polepole. Karibu aliona, mbali aliona moshi. Wiki ile ile alikuwa amekipigia hodi na salamu kichuguu, akidhani ni jirani yake amechuchumaa. Mkewe Mwanamvua alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliona kilichomshika mumewe si haya, ni hofu.

"Usimwambie mtu," Sekibaha alimwambia. "Wakijua, nimetoka."

Kiangazi cha kwanza kikaja. Sekibaha akaingia porini, tandala akasimama mbele yake, akainua gobore, akahesabu misokoto, akakosa hesabu, akashusha. Akarudi nyumbani, akala mbavu za wenzake.

Kiangazi hicho hicho Kilua alikosea. Kilua alikuwa mdogo wao wote, mwenye haraka ya kila kitu, hata chakula alikimeza kabla hakijapoa. Aliona pembe kati ya vichaka, akapiga. Alipofika akakuta dume wa msokoto mmoja. Hapakuwa na mtu. Shimo la nguruwe lilikuwa hatua tano tu kutoka pale, na udongo wake laini. Alisimama muda mrefu akiliangalia shimo lile. Kisha akakata kichwa, akakibeba mpaka mkutanoni, akakiweka chini.

"Ni mimi. Nusura nimfukie kwenye shimo la nguruwe," alisema, na machozi yakamtoka.

Gobore lake likatundikwa. Lakini Kilua hakukaa nyumbani. Misimu miwili alizunguka pori na panga tupu, akitegua vitanzi ambavyo wageni wa ng'ambo ya mto walikuwa wakivitega kwenye mapito. Alivileta kambini mafungu kwa mafungu, na mara mbili alirudi na majeraha ya kupigwa. Na kwa kuwa yeye alikiri, wawili kati ya wale wanne nao wakaja na pembe walizokuwa wameficha.

Kiangazi cha pili kikaja. Sekibaha akaingia porini, tandala akasimama mbele yake, akainua gobore, akahesabu misokoto, akakosa hesabu, akashusha. Safari hii mnyama alikuwa mkubwa. Alimjua kwa kishindo na kwa pumzi zake. Juu ya kichwa chake paliinuka kitu, pengine pembe, pengine tawi la mti nyuma yake. Sekibaha alikaa na kidole kwenye kifyatulio, kisha akakitoa. Nyumbani Mwanamvua alikuwa amebandika maji ya ugali na hana cha kuweka pembeni. Mnyama akaondoka kwa hatua za taratibu, bila hata kukimbia.

"Mchunga tena?" Mwanamvua aliuliza jioni, mkononi ameshika majani yake machungu ya porini.

"Mchunga tena," Sekibaha alijibu, wakala, maana siku hiyo hakuna aliyeua na mbavu hazikuwapo.

Kiangazi cha tatu nacho kikapita vile vile. Mhando, kama kawaida yake, alipata dume wake halali kila msimu, misokoto miwili kamili, akawagawia wenzake mbavu.

Basi masika yalipokwisha, siku mbili kabla ya msimu mpya, Bi Mkiwa alikwenda kwenye magadi na fimbo yake, wawindaji wote nyuma yake. Majike wakatoka, sita, na ndama wao. Kisha akatoka dume mmoja, sikio la kushoto limechanika, na pembe zimejisokota mara tatu. Bi Mkiwa alimtazama mpaka mnyama aliposhiba chumvi.

"Pori ni lenu," alisema. Watu wazima wakakumbatiana kama watoto.

Siku ya pili aliwaita uani. Akatoka na baragumu mikononi.

"Pori lina mwokozi wake. Nataka baragumu liwe kwake. Ni nani?"

Kilua akasimama. "Bibi, nina ushahidi. Kiangazi cha pili nilikuwa kilimani nategua vitanzi. Nilimwona dume yule yule, yule wa sikio lililochanika, amesimama hatua kumi mbele ya Bwana Sekibaha. Alikuwa ameshapita misokoto miwili, alikuwa halali yake kabisa. Naye Bwana Sekibaha akamlenga, akamtazama, akashusha gobore. Alimwachia pori."

Watu wakapiga makofi. Mhando akampiga shemeji yake mgongoni. Bi Mkiwa akamsogelea Sekibaha, akamnyooshea baragumu.

Sekibaha aliinua mikono. Kwa ukaribu ule aliliona vizuri, msokoto kwa msokoto. Hapo palikuwa na fungu katika kila mnyama, mpaka kaburini. Nyuma ya ua Mwanamvua alikuwa amesimama na kapu lake. Mikono ya Sekibaha ikafika nusu, ikakaa hapo, kisha ikashuka.

"Bibi," alisema, "sikumwachia. Sikumwona."

"Hukumwona vipi?"

"Macho yangu yamekufa. Nilijua ni mnyama, sikujua ana misokoto mingapi. Msimu wa kwanza sikuona, wa pili sikuona, wa tatu sikuona. Niliwaficha."

Wa kwanza kusema alikuwa Mhando, na mzaha ulikuwa umemtoka.

"Shemeji, misimu mitatu umetembea katikati yetu na gobore lililoshindiliwa, huoni? Ungeniua mimi, dada yako akabaki mjane! Na mbavu zetu ukala, tukidhani ni mkosi. Bibi, mimi sitaki kujisifu, lakini nani alileta pembe kwenye gunia? Nani alimaliza ubishi wa siku mbili kwa sheria ile? Bila sheria yangu, Kilua angekiri nini? Bila sheria yangu, Sekibaha angeshusha gobore kwa nini? Bila mimi, pale magadini ungeona mbuzi."

"Sheria yako ni nzuri, Bwana Mhando," alisema Kilua, "lakini haikuwahi kukugharimu hata kipande cha nyama. Kila msimu ulikula. Mimi niliivunja, kweli, na yule dume mdogo naota macho yake mpaka leo. Lakini ni mimi niliyeibeba. Sheria ilikuwa maneno mpaka nilipoweka kichwa kile chini mbele yenu. Na vitanzi vile vingemkamata hata dume wa misokoto kumi, maana kitanzi hakijui kuhesabu. Bila mimi, mngekuwa na sheria na msiwe na tandala."

Bi Mkiwa akamgeukia Sekibaha. "Na wewe? Huna la kusema?"

Sekibaha akapapasa ukingo wa mkeka aliokalia.

"Shemeji amesema kweli, niliwahatarisha, naomba mnisamehe. Lakini nisikilizeni na hili. Pembe sikuziona. Kifyatulio, Bibi, hakihitaji macho. Yule alikuwa hatua kumi, angeanguka, na kama angekuwa halali mngenisifu, na kama asingekuwa halali lile shimo la nguruwe lipo. Njaa nilikuwa nayo. Mke wangu alikuwa anachuma mchunga. Tulisema mwenye shaka ashushe gobore. Nilikuwa na shaka misimu mitatu, nikashusha misimu mitatu. Sina kingine."

Bi Mkiwa alimtazama Mhando, akamtazama Kilua, akamtazama Sekibaha. Msimu ulikuwa unafunguliwa kesho yake, na baragumu halipulizwi kwa midomo mitatu. Sekibaha asipolipata, ameshatoka kundini kwa kinywa chake mwenyewe. Sekibaha akilipata, Mhando atawasimulia watoto wake hadithi ya sheria aliyoitunga akasahauliwa, na Kilua ataendelea kubeba panga na makovu yake bure.

Bi Mkiwa akaliinua baragumu kwa mikono miwili, akasimama katikati yao.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkinisikiliza huku mmeshiba: yule aliyetunga sheria, yule aliyeivunja akaikiri, na yule aliyeishika bila kuona, je, mngekuwa nyinyi Bi Mkiwa, mikono ile mngeishusha mbele ya nani?