Kinyozi na Vinasa Sauti Vyake

Wapendwa, kabla hatujaendelea na neno letu, naomba mnisindikize kidogo. Tupande huko milimani kwenye baridi, kwenye mji mmoja ambao ukungu unaingia asubuhi bila kubisha hodi na unakaa mpaka watu wamemaliza chai. Katika mji huo alikuwapo kinyozi. Jina lake tuliache. Nikiwapa jina mtaanza kunong'onezana kwamba ni fulani, na mimi nataka kila mmoja wetu abaki na nafasi ya kujiona.

Kinyozi huyu alikuwa mpole na mkono wake mwepesi, ila mawazo yake hayakukaa kibandani. Mteja anaketi, anafungwa kitambaa, mashine inanguruma upande wa kushoto wa kichwa, halafu kimya. Mteja akitazama kwenye kioo anamwona kinyozi amesimama na mashine mkononi, anaangalia ukungu mlangoni, anatabasamu peke yake. Watu walishamzoea. Mteja anakohoa kidogo, naye anarudi, anaomba radhi, anamalizia upande wa kulia.

Alikuwa anasikiliza nini? Alipokuwa mdogo, mama yake alizoea kwenda naye kwa shangazi yake, na nyumba ya shangazi ilipakana na ukumbi ambamo bendi ilifanya mazoezi mchana. Wakubwa wakipiga soga sebuleni, yeye analazwa chumba cha nyuma, kitanda kimesogezwa ukutani. Basi kupitia ule ukuta ilikuwa inakuja sauti ya gitaa. Nyembamba, safi, inapanda taratibu na kushuka taratibu, naye anasinzia humo humo ndani yake. Hakuwahi kumwona aliyekuwa anapiga. Akakua, akaoa, akazaa, ndevu zikaanza kuingia mvi, na sauti ile haikumtoka.

Ndiyo maana bendi moja ya mjini ilipovunjika na kuuza vyombo vyake, yeye alichukua gitaa la umeme. Lilikuwa kuukuu. Rangi imebanduka, vyuma vina kutu, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Vikazio vya nyuzi, vile vya kichwani unavyozungusha ili uzi ukaze, vilikuwa vimechoka kabisa. Ukikaza asubuhi, wimbo wa pili nyuzi zimeshalegea. Basi akaamua kuziacha zilegee. Akawa analipiga kwa sauti nzito ya chini, chini sana kuliko gitaa linavyotakiwa kupigwa, na kwa gitaa hilo hilo akaitumikia kwaya ya usharika wao kwa miaka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana jambo lenyewe liko hapa. Mke wake alikuwa ndiye mwanzishaji wa nyimbo katika kwaya. Nanyi wanakwaya mnajua mambo yenu: nani kati yenu anajua wimbo wake unaanzia kwenye ufunguo gani? Mpiga gitaa anapiga utangulizi, koo linapapata pale, mnaingia, basi. Yule mama naye alikuwa hivyo. Alichojua ni kwamba mumewe akianza, yeye akifungua mdomo, kuna nafasi ya sauti yake. Kumbe ile nafasi ilikuwa imeletwa na zile nyuzi zilizolegea. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, na ilikuwa imejenga nyumba yake huko chini bila mtu yeyote kupanga.

Ikatokea mama mzazi wa huyu mke akaugua. Akaletwa akakaa kwao, na binti ndiye aliyemuuguza. Jioni akimkanda miguu, alikuwa anatunga wimbo, anauimba kwa sauti ndogo, na mgonjwa anasahihisha maneno pale anapoona binti amemsifu kupita kiasi. Kwenye mstari wa pili wimbo unapanda, na huko juu ndiko lilikokaa jina la yule bibi. Alifariki kabla ya mvua kuanza.

Wakapanga siku ya kuweka msalaba kaburini. Ndugu wa marehemu wangekuja kutoka mbali, wengine walikuwa hawajafika hata kwenye mazishi. Yule mama akamwambia mumewe, "Baba watoto, ule wimbo wa mama nitauimba siku hiyo. Nitauimba mara moja tu, halafu sitauimba tena. Nataka gitaa lako linishike mkono."

Kinyozi akasema, "Nitakushika, mama watoto. Tena siku hiyo utasikia gitaa ambalo hujawahi kulisikia."

Alisema kwa mapenzi, wapendwa. Msimwonee. Wazo lake lilikuwa hili: mkwe wangu alikuwa mtu mwema, mke wangu amelia vya kutosha, acha siku hiyo niwape ile sauti ya ukutani. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo aliyokuwa nayo moyoni.

Akaanza na vikazio vya nyuzi. Akang'oa vya zamani, akafunga vipya vinavyong'aa, na uzi ukikazwa unatulia. Halafu akabadilisha chuma kinachobeba nyuzi pale tumboni. Halafu akaagiza kutoka jijini vinasa sauti, yaani vile vipande vyenye sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi, vinaidaka sauti na kuipeleka kwenye spika. Vilipofika kwa basi alivifungua kibandani, mteja amekaa na nusu ya nywele, na wote wawili wakavishangaa.

Akavipeleka kwa fundi redio aliye jirani yake amsaidie kuunganisha nyaya. Fundi naye, badala ya kumrudisha duniani, akapanda naye mawinguni. Akavipuliza vumbi ambalo halikuwapo, akasema, "Hivi, bwana, vikikaa, hata nzi akitua kwenye uzi utamsikia."

"Na nikitaka sauti ya mbali? Kama inayopita ukutani?"

"Hiyo ndiyo kazi yake hasa."

Siku zilipita hivyo. Ukungu nje, harufu ya risasi ya kuungia nyaya inayoyeyuka ndani, gitaa limelala mezani tumbo wazi. Nyumbani mke anasema, "Twende tukapitie wimbo." Mume anasema, "Ngoja likamilike." Kesho yake mke anasema, "Kwaya leo inafanya mazoezi, njoo." Mume anasema, "Anzeni tu, mimi huo wimbo naujua." Na ni kweli aliujua. Si aliusikia kila jioni nyumbani kwake? Basi wanakwaya wakafanya mazoezi bila gitaa, wakamfuata yule mama huko chini alikozoea, na wimbo ukawa mtamu mpaka mwalimu wa kwaya akashindwa kuwasahihisha.

Ilipobaki siku moja, kinyozi akakaza nyuzi kwa kile kipimo cha kwenye simu, kila uzi mahali pake panapotakiwa, panapotakiwa na dunia nzima. Kwa mara ya kwanza gitaa lile likawa sawasawa. Akagusa uzi mmoja na chumba kikajaa. Akakaa chini kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo, na machozi yakamtoka. Ilikuwa ndiyo yenyewe, ile ya kwa shangazi.

Siku ikafika. Kanisa limejaa, ndugu wa marehemu wamekaa mbele wamejifunika vitenge vizito kwa baridi. Kwaya ikasimama. Yule mama akavuta hatua mbele kidogo, akamtazama mumewe. Mumewe akafumba macho, akaanza.

Wapendwa, lile gitaa lilipigwa. Nisiwadanganye kwamba lilikwaruza au nyuzi zilikatika. Sauti ilitoka safi, ikatambaa juu ya vichwa vya watu, na watoto wachanga wakanyamaza. Kinyozi hakuwapo tena kanisani. Alikuwa mtoto, amelala, ukuta uko shavuni pake, na sauti inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Alipiga ubeti wa kwanza, akapiga kiitikio, akarudia ubeti. Alisikia kimya kikubwa kimemzunguka, akafurahi moyoni, akasema kumbe na wao wamezama pamoja nami.

Akamaliza. Uzi wa mwisho ulipotulia, akafumbua macho.

Hakuna aliyekuwa anaimba. Wanakwaya walikuwa wametazama sakafu. Mke wake alikuwa ameshakaa kwenye benchi, amejiziba mdomo kwa upindo wa kitenge chake, na mama mkubwa wake mmoja ametoka mstari wa mbele amekwenda kumshika bega. Mchungaji, kwa busara, akasema tuombe.

Baada ya ibada kinyozi akamkuta mkewe nyuma ya kanisa anakunja joho lake la kwaya. Bado furaha ilikuwa haijamtoka yote, na hofu ilikuwa haijaingia yote. Akasema, "Mama watoto, umeisikia? Ndiyo ile. Ile ya kwa shangazi."

"Nimeisikia," mkewe akasema. "Ni nzuri, baba watoto. Sikujua kama ni nzuri hivyo."

Akaendelea kukunja. Kisha akauliza, bila ukali, "Mimi niliishia wapi?"

Kinyozi hakujua. Alirudi kichwani mwake, akatafuta, na alikoangalia kote alikuta gitaa.

"Ulianza juu, siyo kule chini tulikozoea," mke akasema. "Nikadhani utashuka unifuate. Nikaimba mstari wa kwanza kwa shida, wenzangu wakajaribu kunibeba wakashindwa. Wa pili unapanda, unaujua. Koo likagoma. Sikufika kwenye jina la mama."

Sasa niwaulize, ndugu zangu: kosa la mtu huyu lilikuwa nini? Kununua vyuma vipya? Vilikuwa vizuri. Kupenda uzuri? Mungu ndiye aliyempa masikio hayo. Aliifanya kazi yake kwa mapenzi, na aliifanya kwa ajili ya mke wake kabisa. Mimi nasema hivi: gitaa lile lingekwaruza, angefumbua macho. Uzi ungekatika, angemtazama mkewe. Kilichomponza ni kwamba kila kitu kilikwenda vizuri.

Na sisi ndivyo tulivyo. Sisi si watu wabaya. Tunahangaika kwa ajili ya wenzetu kweli kweli. Wewe baba unajenga nyumba nzuri kwa ajili ya watoto, na wanao wanalelewa na mlinzi wa hiyo nyumba. Wewe mama umemwandalia mwanao harusi ya kusimuliwa, na tangu vikao vianze hujamuuliza kama ana furaha. Sisi usharika tumefunga spika mpya, sauti inafika mpaka sokoni, na mjane aliyekaa mlango wa nyuma amemaliza mwezi hajaulizwa habari yake. Tunakaza kila uzi mahali panapotakiwa. Tunasikia kimya, tunadhani tumependeza.

Yule mama hakuhitaji gitaa bora. Alihitaji mtu amtafute pale sauti yake ilipo, hata kama ni chini, hata kama ni kwa nyuzi zilizolegea zenye kutu. Kumtafuta huko kulitaka jioni moja tu ya kukaa naye mkekani na kumwambia, haya, anza wewe.

Basi leo tusiondoke hapa tukisema tumesikia habari ya kinyozi. Siku inakuja tutasimama mbele zake Yeye aliyetupa mikono na masikio, na magitaa yetu yakiwa yanang'aa. Nasi tutataka kumpigia, asikie tulivyofika mbali. Na mimi naogopa, wapendwa, naogopa kwa ajili yenu na kwa ajili yangu, kwamba hataomba tupige. Atatazama pembeni yetu, kwenye ile nafasi iliyo wazi, na atauliza: yule niliyekupa umpigie, yuko wapi?