Watatu Mlangoni kwa Shifaa

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme bali ya simu na pasipoti, Shifaa binti Abukari alikimbia vita Barawa, pwani ya Somalia, yeye na baba yake, wakafika Vintermo, mji mdogo huko Ulaya kwenye baridi kali. Akapata kazi ya kuogesha wazee ambao watoto wao hawakuwa na nafasi ya kuwaogesha. Mji ukaisifu mikono yake. Mikono tu, maana ushungi wake uliwakera.

Baba akafa. Shifaa akaomba pembe moja ya makaburi ya mji, baba alazwe kuelekea Kibla. Kamati ya makaburi ilikuwa ya watu watatu.

Torstein, mkulima, ndiye aliyesimama sokoni kila Jumamosi akibweka, "Waislamu warudi kwao!" Akasema, "Sikubali. Leo kaburi, kesho msikiti." Kana kwamba maiti angeamka kuadhini!

Bibi Ingunn, yeye mpenzi wa wakimbizi. Alimfundisha Shifaa lugha, akampa koti, akala sambusa zake, akapiga naye picha na kuzisambaza mji mzima. Akasema, "Moyo wangu uko nawe, mpenzi. Lakini watu bado hawajazoea." Hakupiga kura. Moyo kwa Shifaa, mkono mfukoni.

Akabaki Fawzi, kinyozi, Mwislamu, mkimbizi tangu ujana wake, sasa raia mwenye bendera dirishani. Shifaa alipomtazama alishusha pumzi. Fawzi akainamisha kichwa. "Dada yangu, nikikubali watasema naleta watu wangu." Naye akakataa.

Ikabidi marehemu apelekwe mji wa mbali. Na nani alimwosha na kumkafini? Fawzi huyohuyo, huku analia.

Njiani gari la kukodi likazama kwenye theluji. Watu wakapita, wakapunguza mwendo, wakatazama wakashiba, wakaondoka. Shifaa akakaa pembeni mwa jeneza, akihesabu magari yaliyompita. Mara akatokea Torstein na trekta lake. Akalivuta gari mpaka makaburini. Shifaa alipomshukuru akajibu, "Bado siwataki hapa."

Siku ya khitma, kengele ikalia. Shifaa akafungua, sinia la halua mkononi. Wote watatu mlangoni!

"Mimi sikukudanganya hata siku moja," akasema Torstein. "Na ulipokwama, nilikuja."

"Mimi nimekupenda tangu siku ya kwanza," akasema Ingunn. "Lugha unayonijibu nayo, nimekupa mimi."

"Mimi ni ndugu yako katika dini," akasema Fawzi. "Baba yako ameingia kaburini na maji ya mikono yangu."

Kura, hakuna aliyeitaja.

Shifaa akawatazama mmoja mmoja. Akamshika mmoja mkono, akamwingiza ndani. Wawili akawafungia nje, kwenye baridi yao wenyewe.

Vintermo yote ikachemka. Mkimbizi gani huyu asiye na shukrani! Waliomnyima baba yake shimo la ardhi wakalilia kiti sebuleni mwake.

Aliyeingia namjua, na siwaambii. Niambieni ninyi: aliyemchukia waziwazi kisha akamkwamua kwenye theluji, aliyempenda mpaka siku ya kura, na ndugu aliyemkana baba kisha akamwosha, je, kati yao, nani alistahili kufunguliwa mlango?