Chui Kwenye Kitanda cha Mfumi

Hapo zamani za kale, chui walipokuwa bado wanavaa nguo, Bi Panya alikuwa mfumaji, mwenye kitanda cha kufumia nguo. Siku moja mlango wake ukapigwa teke, puu! Akaingia Chui. Lahaula! Mkononi ana kikapu, na ndani wanalia watoto wote watatu wa Bi Panya.

"Nataka shuka la harusi yangu!" Chui akanguruma. "Jua likiondoka kizingitini shuka halijaisha, hawa ndio kitoweo."

Bi Panya moyo ukampasuka. Tena, masikini, kijiti chake cha kupitishia uzi Chui alikikanyaga akiingia, kikavunjika.

"Bwana mkubwa," akasema, "kijiti ndicho hicho umekivunja. Labda mtoto mmoja apitishe uzi kwa mkia. Wewe kaa hapa, ukanyage."

Chui akamtoa mmoja, akaketi, miguu juu ya mbao mbili za kukanyagia. Akakanyaga moja. Kwaa! Nusu ya nyuzi za mtande, zile zilizotandwa kitandani kwa urefu, zikapanda, nusu zikashuka, katikati pakafunguka mdomo.

"Mama wee!" Chui akaruka. "Unauma huu?"

"Haumi, ila usiachie mguu."

Mtoto akapita mdomoni, chapu! Bi Panya akavuta chanuo la kubania uzi, paa! Uzi ukabanwa. Chui akakanyaga ubao wa pili; nyuzi za juu zikashuka, za chini zikapanda. Mtoto akarudi, chapu! Paa!

"Ala! Kumbe nguo ndiyo hii?" Chui akamimina kikapu chote. "Wapite wote, iende mbio!"

Bi Panya akawafunga uzi mikiani, akawanong'oneza: "Safari hii msirudi. Tundu la ukutani mnalijua."

Chapu! Paa! Chapu! Paa! Chui akangoja.

"Wee! Mbona hawarudi?"

Kitindamimba ndiyo kwanza anapita. Chui akatumbukiza mkono amkamate, akainuka kwa pupa, mguu ukaachia ubao.

Tap! Mdomo ukafumba. Mtoto akachomoka, mkono wa Chui ukanasa. Bi Panya akalivuta chanuo kwa nguvu zake zote, PAA! Vidoleni!

"Uwiii! Nguo imeniuma!"

"Nilikwambia usiachie mguu," Bi Panya akajibu, tayari yuko tunduni na wanawe.

Chui akatoka mbio akiburuta kitanda kizima, kata-kata-kata, mpaka harusini. Bibi harusi kumwona, akazimia! Tangu siku hiyo chui havai nguo, ngozi yake inamtosha.

Nanyi wanangu shikeni hili: mwenye pupa ya kukamata hujinasa mwenyewe.