Fundi Aliyekwenda Kupima Msangila

Mtu mmoja alikuwa na mke, watoto watano na hofu. Jina lake Yoramu, fundi mwashi wa mjini. Mwaka mmoja mafuriko yalikata barabara, maduka yakabaki matupu, na kwa siku kumi na tisa familia yake ikanywa uji mwepesi usio na chumvi wala sukari. Maji yalipopungua akaapa kwamba atahamia shamba, mahali ambapo hatamtegemea mtu yeyote.

Alizunguka vijiji miezi minne. Hakutaka kudanganywa na majani mabichi, kwa hiyo alikwenda kiangazi, wakati ardhi haina la kuficha. Alichimba udongo, akaunusa. Alipima kwa hatua umbali wa kisima, akauliza kuni zinatoka wapi na zahanati iko wapi. Bonde moja lilikuwa na udongo mweusi wa kupendeza, lakini wenyeji walikula unga ulioletwa na lori. Lingine lilikuwa na maji tele, na watu wake waliyagombania kwa mapanga.

Mwishowe akafika Msangila, kijiji cha mlimani. Udongo ulikuwa wa kadiri tu, lakini vihenge vilijaa mtama, na mihogo ilikuwa bado ardhini ikisubiri siku ya shida. Kasoro ilikuwa maji. Kila asubuhi wanawake waliteremka kijitoni, saa mbili kwenda na kurudi. Yoramu akatikisa kichwa.

Bi. Ndahani, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa amemtembeza tangu asubuhi. Akamwambia, "Baba, umetuuliza tuna nini, nasi tumekuonyesha mpaka akiba ya mbegu. Sasa nikuulize mimi. Ukihamia hapa, tutapata nini ambacho leo hatuna?"

 Yoramu aliteremka mlima uso ukimwaka kwa aibu, maana alikuwa amepima kila kitu isipokuwa nafsi yake.

Baada ya wiki mbili alirudi na trekta la kukodi, limebeba saruji, mwiko na timazi. Hakuomba kiwanja. Alianza kujenga tangi la mawe kando ya shule, la kukinga maji ya mvua kutoka paani, na wanakijiji, walipoelewa, wakamsombea mawe na mchanga, wakampikia. Mvua ya kwanza ilipogonga mabati, watu walitoka wakasimama kusikiliza maji yakiingia. Siku hiyo hiyo Bi. Ndahani alimwonyesha mahali pa kujenga nyumba.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kirefu, hata kijito kikakauka. Watu wa Msangila walikunywa maji ya tangi, na watoto wa Yoramu walikula mtama ambao hawakuupanda. Naye, aliyeapa kutomtegemea mtu, alilala bila hofu katikati ya watu aliowategemea wote.

Ndugu zangu, wengi wetu tunatafuta mahali pa kutuhifadhi siku mbaya ikija. Wenyeji wa huko wakikupima wewe, watakuta nini?