Swali la Kufungia Mwaka

Wapendwa, kaeni vizuri. Na ninyi wa kule nyuma mnaonisikia nusu nusu, sogeeni, viti vya mbele havina miiba. Nina mfano wa baba mmoja, na nawaomba nikiwa nasimulia mtu asimtazame jirani yake. Nawafahamu. Nikitaja kosa tu, nusu ya kanisa inageuza shingo.

Baba huyo alikuwa mpima ardhi. Kazi yake ilikuwa kuweka mipaka, kunyoosha mistari, kuhakikisha uzio wako haujaingia kwa jirani hata kwa unyayo mmoja. Alikuwa mtu mwema. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, na sadaka alitoa bila kukumbushwa, tofauti na wengine ambao leo sitawataja. Alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi, Subilaga, ambaye nyumbani walimwita Subi.

Mtoto yule alikuwa na akili za kuogopesha, na maswali yake hayakuwa na likizo. Mbona mbuzi dume ana ndevu na mkewe naye anazo? Mungu alipumzika siku ya saba, sasa ya nane aliamkia kazi gani? Wageni walikuwa wakimaliza chai haraka haraka wakaaga, maana hakuna mtu mzima anayependa kusema "sijui" mbele ya mtoto. Baba yake alicheka, lakini moyoni alijivuna, na nani angemlaumu?

Walimu wakaliona hilo, wakamchagua aingie darasa dogo la watoto wenye vipaji. Lilikuwa darasa la watoto wachache, wamekusanywa kutoka shule nyingi. Na lilikuwa na sharti lake: mtoto akishuka, mwisho wa mwaka anarudishwa darasa la kawaida, nafasi yake anapewa mwingine. Baba alilisikia sharti hilo siku ya kwanza, na tangu siku hiyo likamkaa kifuani.

Kisha ukaja ule ugonjwa, shule zikafungwa. Mnakumbuka. Hata humu ndani tuliimba midomo ikiwa imefunikwa, na kwaya ikasikika inatoka ndani ya gunia. Mwalimu wa darasa lile, mama mmoja mpole, hakutaka watoto walale. Akafundisha kwa simu. Asubuhi anatuma kazi kwenye grupu, watoto wanafanya, wanaipiga picha, wanamrudishia. Mara moja kwa wiki wanaonana kwa video, mtandao ukiwa umeamka vizuri.

Kazi ya kwanza ilikuwa nyepesi. Chora ramani ya njia ya kutoka kwenu mpaka mahali unapopapenda. Subi akachora njia ya kwenda kwa bibi yake. Nyumba ya bibi aliichora kubwa kuliko kanisa. Njiani akamweka mbwa wa jirani, na mbwa alikuwa mkubwa kuliko nyumba ya bibi. Kipande cha njia kinachopita kwa yule mbwa kilikuwa kirefu kuliko njia nyingine yote, ingawa kwa kweli ni pafupi, ukipiga chafya umeshapapita. Na kilima cha kupanda mpaka kwa bibi hakukichora kabisa.

Sasa hebu mpe mpima ardhi ramani kama hiyo. Baba alirudi mchana kunywa chai, akaitazama, akaweka kikombe chini.

"Subi, mbwa gani huyu mkubwa kuliko nyumba?"

"Ndivyo alivyo, baba, ukiwa unapita peke yako."

"Na kilima kiko wapi?"

"Kilima sikikumbuki. Bibi huwa ananisubiri pale juu, kwa hiyo napanda namwangalia yeye."

"Ramani haina hofu, mwanangu, wala haina bibi. Ramani ina vipimo. Hebu ngoja."

Akakaa. Akachukua rula na penseli yake ya kazini, akafuta mbwa, akafuta nyumba, akachora upya. Ilitoka ramani ambayo ungeweza kuombea hati ya kiwanja. Wakaipiga picha, ikatumwa, na haikuchukua muda mwalimu akajibu: "Kazi safi sana, Subi," na maua juu yake. Baba aliyasoma maneno yale mara mbili. Alisikia utamu, wapendwa, kana kwamba yeye ndiye aliyevaa sare. Mtoto alikuwa amesimama karibu yake, anaiangalia rula.

Kuanzia hapo mambo yakaenda yenyewe. Insha ikija, baba anasema, "Ngoja nikuonyeshe mwanzo tu." Hesabu zikija, "Ngoja nimalizie hii ngumu." Mpaka ikafika mahali kazi ikiingia kwenye simu, mtoto anampelekea baba simu, anatoka nje kucheza. Hakufukuzwa. Alishaona hana kazi pale. Na alama zikawa juu, na maua kwenye grupu yakawa ya kila siku, na baba akilala anapata usingizi.

Mama wa mtoto ndiye aliyeliona la kuona. Siku moja anachambua mboga, akamwambia mumewe, "Baba Subi, huyu mtoto siku hizi haulizi."

"Amekua."

"Hajakua. Amenyamaza. Mwache afanye mwenyewe, akosee."

"Akosee halafu wamtoe? Unajua wangapi wanaisubiri nafasi ile? Mimi nilikuwa na akili kama hizi zake, mke wangu. Nyumbani kwetu hakuna aliyejua niko darasa la ngapi. Nikaachwa nikaanguka, nikainuka kwa taabu. Wangu hataanguka mimi nikiwa hai."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Methali hiyo ni ya viboko," akasema mumewe. "Si ya hesabu."

Mnacheka. Lakini tumtendee haki. Huyu baba alimpenda mtoto wake, msikose hapo. Wako akina baba hapa ambao wakiulizwa mtoto yuko darasa gani wanampigia mama simu. Huyu aliacha usingizi wake wa mchana, aliacha mpira, alikaa na vitabu vya mtoto mpaka shingo ikakakamaa. Alikuwa anaogopa, basi, na hofu ya mzazi ikivaa nguo za upendo huwezi kuitambua haraka, hata mwenye nayo haitambui.

Mwaka ukafika mwisho. Darasa lile lilikuwa na desturi yake ya kufunga mwaka. Hawakutoa zawadi, wala hawakusoma matokeo. Kila mtoto alileta swali moja ambalo kwa kweli hajui jibu lake. Mtoto anasimama, analiuliza, na hakuna anayeruhusiwa kulijibu siku hiyo, hata mwalimu. Unakwenda nalo likizo. Mwalimu yule alikuwa akisema kwamba mtu mwenye kipaji humjui kwa majibu aliyonayo, unamjua kwa lile analokubali kuwa halijui.

Mwaka ule wakafunga kwa simu. Mwalimu alikwenda peke yake shuleni, akafagia darasa, akapanga viti, akaiegesha simu juu ya meza ili watoto wavione viti vyao. Mwalimu mkuu akaja akakaa pembeni, na wazazi wote walijua amekuja kwa nini: baada ya hapo ndipo atakapoamua nani anaendelea na nani anatoka. Watoto wakavaa sare. Wengine sare ilikuwa juu tu, chini ni suruali ya kulalia, lakini simu haikuonyesha.

Baba Subi alikuwa ameshamtengenezea binti yake swali. Nililisikia swali hilo nikataka kusimama nimpigie saluti: "Je, teknolojia ya setilaiti inaweza kutumikaje kupunguza migogoro ya mipaka katika jamii zetu?" Walilifanyia mazoezi wakinywa uji. Mtoto alilijua lote, mpaka mahali pa kuvuta pumzi. Baba akavaa shati la Jumapili, akakaa upande ambao simu haimwoni, mdomo uko tayari kumkumbusha.

Watoto wakaanza. Mmoja akauliza mende anajuaje kama imezimwa taa ya chumba kimoja au ya nyumba nzima. Mwingine, mdogo wao, akauliza sauti ya babu yake aliyefariki imekwenda wapi, kwa kuwa nguo zake bado zipo. Hakuna aliyejibu, kama desturi ilivyotaka. Baba Subi pale alipokaa akawaza, maswali ya kitoto haya, sasa wasikie la kwetu.

Zamu ya Subi ikafika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Subi. Tunakusikiliza."

"Je, teknolojia ya setilaiti inaweza kutumikaje..." Akanyamaza. Baba akadhani amesahau, akaanza kuchezesha midomo. Mtoto akamwangalia baba yake, akarudisha macho kwenye simu. "Mwalimu, hili jibu lake baba analijua. Alishaniambia. Kwa hiyo si swali."

"Basi una lingine?"

"Ninalo," akasema mtoto. "Mimi bado nina akili?"

Mwalimu akamuuliza, "Kwa nini unauliza hivyo, Subi?"

"Kwa sababu sijui. Zamani nilikuwa najaribu kitu, nikikosea naona, nikipata naona. Sasa sijaribu. Nikianza, baba anasema ngoja. Zile kazi zote ulizosifu ni za baba."

Alilisema bila hasira. Hakuwa anamshtaki mtu. Alikuwa mtoto aliyeambiwa alete kitu asichokijua, naye akakileta.

Wazazi wote walikuwa kwenye simu, na mwalimu mkuu akainua kichwa. Baba alitaka kuruka aseme, "Unazo, mwanangu, unazo." Maneno yalimfika ulimini yakakwama pale, kwa sababu yeye mwenyewe alijiuliza: nimejuaje? Kazi ya mwisho ya mkono wa mtoto huyu aliyokuwa ameiona ni ile ramani, na aliiona akaifuta. Mwaka mzima alikuwa na jibu la kila swali lililoingia kwenye ile nyumba. Hili halikuwa na rula ya kulipimia, na aliyekuwa anauliza ni mtoto wake.

Mwalimu akakaribia simu. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Sijui, Subi," akasema. "Mwaka mzima nimesahihisha, nikafurahia usafi, nikatuma maua, na kumbe kazi yako sijaiona. Ni swali la kweli, na mimi ni wa kwanza kutolijua. Nenda nalo likizo. Tukifungua, uje nalo hapa, na penseli yako, tulitafute pamoja."

Kisha akamwita mtoto anayefuata.

Baba yule alitoka nje, akasimama karibu na tanki la maji, akalia. Shati la Jumapili likalowa. Hakulilia nafasi ya darasani. Alilia kwa sababu alimlinda mtoto asianguke, na katika kumlinda akamnyima kujua kama ana miguu.

Najua mnachotaka. Mnataka niwaambie kama mwalimu mkuu alimbakiza au alimtoa. Siwaambii. Mkilisubiri hilo, basi mmeshika hofu ya yule baba na mmeliacha swali la yule mtoto, na mimi nimewaletea swali la mtoto.

Sasa tujitazame sisi. Leo ni nani kati yetu anayejua kama ana imani? Namuuliza yule ambaye mama yake ndiye anayefunga, yeye anakula kwa niaba ya wote wawili. Namuuliza yule ambaye ndoa yake ikitikisika anatuma wazee, mtoto akiugua anatuma jina kwenye kikundi cha maombi, na yeye mwenyewe hajawahi kupiga goti akatafuta maneno yake. Tumebeba maua ya wenzetu, ndugu zangu. Tunasifiwa kwa kazi ambazo hatukuzigusa. Na sisi wazee wa kanisa tusijifiche nyuma ya nguzo, maana kijana akisimama kuomba akababaika kidogo, tunakohoa, tunampokonya maikrofoni, tunampa yule aliyezoea. Tunasema tunalinda ibada. Halafu tunashangaa vijana wako wapi.

Lakini Baba yetu wa mbinguni siye baba wa namna hiyo. Aliwaumba wanyama wote, akijua kila mmoja ni nani, kisha akawaleta mbele ya mtu akanyamaza, asikie mtu atawaitaje. Mnalipata hilo? Mwenye majibu yote alisubiri. Angeweza kuyataja majina yale yote kwa pumzi moja, na yangekuwa mazuri kuliko yetu. Alimpenda mtu kiasi cha kumwachia kazi. Na tulipokosea, na tumekosea sana, hajatunyang'anya mikono akatufanyia yeye. Bado anangoja kusikia sauti yangu na yako, si ya mchungaji wako.

Kwa hiyo leo nitafanya jambo ambalo wengine hamtalipenda. Mmezoea mahubiri yakiisha mimi nawaombea, ninyi mnasema amina, mnakwenda kula. Leo siwaombei. Fumbeni macho, kila mtu aombe ya kwake, kwa lugha ya kwake, hata kama ni maneno mawili, hata kama ni "Mungu, sijui." Mimi nakaa chini.